Kula kwenye Mkahawa wa Hadhi Jijini Kisumu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Simu ya Kwanza Hadi Risiti

Mlaji wa Kisumu anayejua kumchambua ngege mzima, yaani samaki wa tilapia, kwa vidole bila mwiba hata mmoja kumkwama kooni, mara nyingi huupoteza ustadi huo wote pindi anapoketishwa mbele ya kitambaa cheupe, glasi mbili na uma zilizopangwa kwa safu. Huagiza kuku asiyemtaka kwa sababu kuku anaonekana rahisi kuliwa, hunyamaza chakula kinapochelewa, na bili inapofika huilipa haraka bila kuisoma ili asionekane mgeni wa mahali hapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na pia kwa familia itokayo Siaya, Vihiga au Kericho kuja mjini kusherehekea mahafali ya mtoto wao. Msimamo wangu ni kwamba mkahawa wa hadhi haukudai uwe mtu mwingine. Unachohitaji ni kusema mapema mambo ambayo kwenye kibanda cha samaki yanaeleweka bila kusemwa, hasa uzito, muda na bei.

Hatua ya kwanza: Piga simu kabla ya kwenda

Mikahawa ya kiwango hiki utaipata katikati ya jiji, mtaani Milimani, na kando ya Ziwa Victoria kuelekea Dunga. Siku za wiki unaweza kuingia bila miadi, lakini Ijumaa jioni, Jumapili mchana na mwisho wa mwezi ni heri upige simu angalau siku moja kabla. Taja idadi ya watu, watoto wakiwemo, na useme kama kuna mzee asiyeweza kupanda ngazi, kwa kuwa baadhi ya mikahawa imejengwa ghorofani ili wateja wayaone maji. Uliza kama meza hushikiliwa kwa muda gani mgeni akichelewa, na kama kuna amana inayolipwa kwanza. Ikiwa unakuja na keki yako au chupa yako ya mvinyo, uliza vilevile ada ya kuikata keki hiyo au kuifungua chupa, kwani ada hizo zipo mahali pengi na ndizo huzua ubishi kwenye meza za sherehe.

Fikiria pia nani unamwalika, na siku gani. Nyanza ina Waadventista wengi, yaani Wasabato, ambao Jumamosi ndiyo siku yao takatifu, na kumwalika mkwe Msabato chakula cha mchana cha kulipiwa siku ya Jumamosi ni kumtia katika mtihani ambao hakuuomba. Mgeni huyo huyo hatakula nguruwe, na wengi wao hawali kamongo wala kambare kwa sababu samaki hao huhesabiwa kuwa hawana magamba. Mgeni Mwislamu atataka kujua kama nyama ni halali, na wakati wa Ramadhani meza yake iwe tayari kabla jua halijazama, si baada. Mgeni asiyekula nyama kabisa hana shida kubwa Kisumu, kwa maana jamii ya Wahindi imekuwapo tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, na mapishi yao ya dengu, jibini na mboga yamo katika menyu nyingi za jiji. Mwenye mzio wa karanga naye atajwe kwenye simu hiyo hiyo, kwa sababu karanga za kusaga hutiwa katika mboga na michuzi mingi ya magharibi mwa Kenya bila menyu kulitaja jambo hilo.

Kuhusu saa, wanaotaka kuona machweo wakumbuke kwamba Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa inayoingia hadi Kisumu, iko magharibi ya jiji, hivyo jua huonekana likizama majini. Kwa kuwa tuko karibu sana na ikweta, mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja jioni. Kufika saa kumi na moja na nusu kunatosha. Mvua kubwa ya alasiri ni jambo la kawaida hapa, kwa hiyo ukiahidiwa meza ya nje, uliza kama kuna nafasi nyingine iliyotengwa ndani iwapo mawingu yatafunga.

Hatua ya pili: Kuvaa na kufika

Nguo nadhifu zinatosha. Joto la Kisumu halina urafiki na koti zito, na sijawahi kuona mteja akirudishwa mlangoni kwa kukosa tai. Mlangoni usijipeleke mezani. Subiri mhudumu akuulize jina la aliyeweka nafasi.

Hatua ya tatu: Kuketi

Ukipewa meza usiyoipenda, sema kabla hujaketi. Meza iliyo karibu na mlango wa jikoni ina kelele, iliyo chini ya kiyoyozi huipoza ugali kabla hujafikia nusu yake, na ile ya ukingoni kabisa mwa maji ina mandhari mazuri lakini taa zikiwashwa huvuta mbu na vijidudu vya ziwani. Aliyealika aketi mahali ambapo weita anaweza kumwona kwa urahisi. Kuna familia, za Kiluo na za Kiluhya, ambazo mkwe wa kiume na mama mkwe wake bado hawali wakitazamana. Mpangaji mwenye busara huomba meza mbili zilizokaribiana badala ya kuwalazimisha wazee kukaa kimya mbele ya sahani wasizozigusa.

Kitambaa cha mkononi hukunjuliwa na kuwekwa mapajani. Ukiondoka kidogo, kiache juu ya kiti. Vyombo vikiwa vingi, anza na vile vya nje kabisa na uendelee kuingia ndani kila sahani mpya inapoletwa; kisahani cha mkate kilicho kushoto ni chako, na glasi zilizo kulia ni zako. Hayo ndiyo yote ya lazima kuhusu vyombo.

Weita huitwa kwa kuinua mkono kidogo na kumtazama, au kwa kusema "dada" au "kaka" kwa sauti ya kawaida. Kumpigia mluzi, kumwita kwa "psss" au kupiga kidole ni utovu wa adabu, hata kama kwingine umezoeleka. Wengi wao hujitambulisha kwa jina, na anayelikumbuka jina hilo huhudumiwa kwa moyo zaidi usiku mzima.

Hatua ya nne: Kuisoma menyu na kuuliza

Hapa ndipo pa kukawia, kwa sababu makosa mengi ya jioni huanzia kwenye menyu.

Anza na samaki, kwa kuwa ndiye sababu ya watu wengi kuja Kisumu. Kuna ngege, ambaye kwa kawaida huletwa mzima, na kuna mbuta, yaani sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, ambaye ni mkubwa na huuzwa kama mnofu usio na miiba midogo. Mgeni anayeogopa miiba, au mtoto, mwagizie mbuta. Omena, yaani dagaa wa ziwani, pia wamepanda hadhi siku hizi: hukaangwa hadi wakakauka, wakaletwa kwenye bakuli dogo pamoja na kipande cha limau kama kiamsha hamu, na mimi nawapendelea kuliko viazi vya aina yoyote.

Muulize weita mambo manne kuhusu ngege. La kwanza ni anakotoka: wa kuvuliwa ziwani, wa kufugwa kwenye vizimba vilivyomo humo humo ziwani, au wa kugandishwa kutoka ng'ambo. Wote huliwa, ila hawapaswi kuuzwa kwa bei moja. La pili ni kama ameandikiwa bei ya sahani au bei ya kilo. La tatu ni kama uzito hupimwa kabla au baada ya kuparwa magamba na kutolewa matumbo, kwani tofauti yake si ndogo. La nne ni muda wa kumpika.

Swali hilo la pili nililijua kwa gharama yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye mkahawa mmoja wa kando ya ziwa, nililetewa sinia la samaki wabichi nichague, nikamwonyesha kwa kidole yule aliyenona kuliko wote, huku nikiwa nimeisoma bei ya kilo kama bei ya sahani. Hakuna aliyenidanganya, maneno "kwa kilo" yalikuwapo, kwa herufi ndogo. Tangu siku hiyo huomba samaki apimwe mbele yangu na jumla itajwe kabla hajaingia kwenye mafuta. Hesabu yenyewe ni nyepesi: bei ikiwa shilingi 1,200 kwa kilo na samaki akiwa na kilo 1.5, utalipa shilingi 1,800 hata kabla ya ugali. Kwa mtu mmoja, samaki wa nusu kilo hivi anatosha.

Ukionyeshwa samaki mbichi, mtazame kama ulivyofundishwa sokoni Kibuye. Jicho liwe angavu na lililotuna, mashavu yawe mekundu ndani, na nyama ikibonyezwa irudi mahali pake. Kuwa ndani ya jengo lenye kiyoyozi hakukunyang'anyi haki ya kubonyeza.

Kisha taja upishi. Aliyekaangwa mkavu huja na ngozi inayovunjika. Aliyekaangwa kisha akatiwa kwenye rojo la nyanya na vitunguu hulainika na kufaa kwa ugali. Wa kuchomwa huchukua muda mrefu zaidi. Wa kuchemshwa humfaa anayejihadhari na mafuta. Samaki mzima aliyeanza kutayarishwa baada ya wewe kuagiza huhitaji nusu saa au zaidi, na akikufikia baada ya dakika 10 tu, inaelekea alikaangwa mapema akapashwa moto. Wenye njaa waagize kiamsha hamu wakati huo huo wanapomwagiza samaki.

Mboga nazo ziulizwe. Mnavu, ambao Waluo huuita osuga, na saga, waiitayo dek, mara nyingi hupikwa na maziwa au krimu ili kupunguza uchungu, jambo linalomhusu yeyote asiyetumia maziwa. Ugali wa mikahawa ya hadhi una tabia ya kuletwa ukiwa umefinyangwa kama yai. Uliza kama unaongezwa bure au unalipiwa, na kama upo wa mtama au wimbi, kwa sababu huo ndio ninaouona unastahili bei yake. Kwa anayemkaribisha mzee wa Kiluhya, kuna neno la ziada: kuku wa mkahawa hukatwa vipande bila firigisi, nayo firigisi, yaani imondo, ndiyo heshima ya mwenye nyumba. Ukimwomba mpishi mapema kuku mzima wa kienyeji pamoja na firigisi yake, mara nyingi atakubali, na sijui zawadi ndogo zaidi ya hiyo inayofurahisha zaidi.

Ukiagiza kipande cha nyama ya ng'ombe, utaulizwa kiive kiasi gani. Swali hilo lina jibu la vipimo: kikiwa na nyuzi 55 hivi katikati, ndani bado ni chekundu, kwenye nyuzi 60 kina rangi ya waridi, kikipita nyuzi 70 kimeiva kabisa. Ng'ombe wetu wengi hula nyasi na hawana mafuta mengi ndani ya nyama, kwa hiyo kipande chao kikiivishwa kupita kiasi hukauka na kuwa kigumu. Omba kiive zaidi ya kati kidogo kama damu inakukera. Nyama ya kusaga ya baga ni jambo tofauti, kwa maana vijidudu vilivyokuwa juu ya kipande huchanganywa hadi ndani wakati wa kusaga. Hiyo iivishwe hadi nyuzi 71, na kuku hadi 74, bila mjadala.

Kama mtachangia bili, mwambie weita kabla ya kuagiza ili aandike kila mtu na chake. Kuzigawanya hesabu za watu tisa baada ya kula ni adhabu kwa kila aliyepo.

Hatua ya tano: Kumla samaki mzima bila wasiwasi

Kula ngege kwa mikono si aibu popote Kisumu, na mkahawa wowote unaomwuza akiwa na kichwa chake unajua hivyo. Nawa kwenye sinki au uletewe birika na karai la maji ya vuguvugu. Katika baadhi ya mikahawa utaletewa kibakuli chenye kipande cha limau ndani. Hicho ni cha kuchovya ncha za vidole baada ya kula, si mchuzi wala supu.

Anayependa kutumia uma na kisu afuate njia hii. Mlaze samaki tumbo likikuelekea. Kwa ncha ya kisu, pitisha mkato mwepesi mgongoni kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani, ukifuata mstari wa mapezi, kisha vuta safu ya mapezi itoke nzima pamoja na miiba yake. Kata nyuma ya shavu hadi uguse mfupa. Sasa uinue mnofu wa juu kuanzia mgongoni kuelekea tumboni, na usiharakishe unapofika mbavuni, kwa kuwa huko ndiko kuliko na miiba myembamba inayobaki ndani ya nyama. Ukimaliza upande huo usimgeuze samaki, hasa akiwa ndani ya rojo. Shika mkia, uinue uti wa mgongo taratibu, na mifupa itang'oka pamoja na kichwa, ikiuacha mnofu wa chini mzima sahanini. Nyama ya mashavuni na ile iliyo nyuma ya kichwa ndizo tamu kuliko zote. Mwiba ukikukwama kooni, usijaribu kuusukuma kwa tonge la ugali jinsi wengi tulivyoelekezwa utotoni, kwani unaweza kuuzamisha zaidi. Kohoa, na maumivu yakiendelea nenda hospitalini.

Ugali na samaki kwa mkono wa kulia, wali na nyama kwa uma. Ukipumzika, weka kisu na uma vikiwa vimetengana sahanini. Ukimaliza, vilaze pamoja sambamba, na weita atajua kuiondoa sahani bila kukuuliza.

Hatua ya sita: Vinywaji na kitindamlo

Uliza maji ya chupa ni bei gani kabla hayajafunguliwa, kwa sababu chupa huwekwa mezani kama pambo na watu hudhani ni ya bure. Ukionjeshwa mvinyo, unachokagua ni kama umeharibika, si kama unaupenda. Atakayekunywa pombe aache gari na arudi kwa teksi. Kitindamlo agizeni viwili kwa watu wanne. Baada ya ngege na ugali, zaidi ya hapo ni ubadhirifu.

Hatua ya saba: Chakula kikikosewa

Sema mapema, ukiwa umeonja matonge mawili, si ukiwa umebakisha mifupa. Taja kosa lenyewe kwa ufupi: "Samaki huyu hajaiva karibu na uti," au "Niliomba wa rojo, huyu ni mkavu." Mara nyingi weita si mwenye kosa, hivyo hana sababu ya kugombezwa. Asipoweza kukusaidia, omba kuonana na meneja, na ukubali kubadilishiwa chakula au kuondolewa kwenye bili, mradi likubaliwe moja kati ya hayo kabla hujaendelea kula. Haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa imo katika Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 iko upande wako, ingawa meneja mwenye akili hangoji kusomewa sheria.

Hatua ya nane: Bili

Isome yote. Linganisha idadi ya soda, sahani za ugali na uzito wa samaki na ulivyoagiza. Kisha tazama kodi. Kodi ya ongezeko la thamani nchini ni asilimia 16, na mikahawa mingi hulipisha pia ushuru wa utalii wa asilimia 2. Kwa kawaida vyote viwili huwa vimo tayari ndani ya bei ya menyu: bili ya shilingi 5,900 ina chakula cha shilingi 5,000, kodi ya shilingi 800 na ushuru wa shilingi 100. Lakini menyu ikisema kwamba bei hazijumuishi kodi, zidisha kila bei kwa 1.18 unapopanga bajeti yako. Jambo la kukataa ni kodi kuongezwa juu ya bei iliyotajwa kuwa inaijumuisha.

Tazama pia kama kuna ada ya huduma. Ikiwapo, hulazimiki kutoa bakshishi, ila unaweza kumwuliza weita kwa upole kama ada hiyo huwafikia wahudumu. Isipokuwapo, asilimia 10 ni ukarimu wa kutosha kwa huduma njema. Mpe mkononi mwake mwenyewe, au umtumie kwa simu ikiwa ameridhia kukupa nambari yake.

Ukilipa kwa M-Pesa kupitia nambari ya tili, mteja hatozwi ada ya kutuma. Kupitia nambari ya paibili huenda ukatozwa, kwa hiyo uliza ni ipi. Kabla ya kuweka namba yako ya siri, soma jina la biashara linalojitokeza na ulilinganishe na lililo kwenye bili. Omba risiti rasmi ya kodi yenye alama ya mraba ya kuskaniwa, hasa kama kampuni yako itakurudishia fedha. Na wewe uliyealika, kama hutaki shemeji zako wavutane nawe mbele ya wageni kila mmoja akidai kulipa, nenda kaunta ukiwa kama unayekwenda kunawa mikono, umalize malipo huko huko.

Hatua ya tisa: Kufungiwa kilichobaki

Omba ufungiwe, chakula ni chako, umekilipia. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwezi Agosti 2017, kwa hiyo utapewa mfuko wa karatasi, nao hauhimili rojo. Agiza samaki wa rojo atiwe kwenye kopo lenye kifuniko, na ugali ufungwe peke yake. Katika joto la Kisumu samaki aliyepikwa asikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, kwa hiyo kama mnapanga kupitia kwa rafiki Manyatta kabla ya kurudi nyumbani, mleni huko kwa rafiki. Kichwa kisiachwe mezani. Kikichemshwa kesho asubuhi na nyanya, kitunguu na ndimu, kinatosha supu ya watu wawili.